Nundu ya Bega la Kushoto

Msambweni,
12 Januari 2025

Kwa mume wangu Luqman,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Haya maneno "mume wangu" nimeyaandika mara tatu kwenye karatasi nyingine kabla ya hii, ili niyaone tu yanavyokaa. Wiki ya tano hii tangu tuoane, na bado nikiyatamka najihisi kama nimevaa leso mpya ambayo haijaingia maji.

Wifi Fauzia amenikuta naandika akasema, "Bi harusi, watu wana simu siku hizi." Nikamwambia simu ni ya kuulizana chumvi imewekwa wapi. Tena huko Jego mtandao wenyewe huingia wa Tanzania, ukamaliza vocha kabla hatujamaliza salamu. Barua Charo ataibeba kwenye lori la mbao, wewe utaitia mfukoni, na ukipanda ngazi itapanda nawe. Simu gani itafanya hivyo?

Hapa karakana ni salama. Macho ya Baba Dzombo yanazidi kumtupa. Jana alichukua patasi akidhani ni penseli, akaichomeka sikioni. Kenga akamwambia kutoka benchi yake, "Mzee, ukiandika kwa hiyo, barua itasomeka hadi upande wa pili wa meza." Baba Dzombo alicheka mpaka akakaa juu ya vumbi la mbao. Lakini watu walipotoka kwenda kuswali adhuhuri aliniita, akasema maneno ambayo nayaandika kama alivyoyasema: "Mwanarusi, mlango wa msikiti wa Jego ukikaa vizuri, ufunguo wa karakana hii ni wa mumeo. Mimi nitakuwa nakuja kunusa mbao tu." Kenga alikuwa bado hajaenda. Aliendelea kupiga randa mahali palipokwisha kunyooka.

Na ule ubao wa mbambakofi ameutoa kwenye magunia. Ameuweka miaka ishirini na mbili. Anasema kutoka hapa hadi Vanga hakuna mwingine wa upana ule, wala hautapatikana.

Wakumbuka siku ile nilipoleta kiti cha shule kilichovunjika mguu? Ulikuwa umepiga magoti sakafuni, una msumari, uzi na penseli, unachora tao la dirisha la mtu. Ukauzungusha uzi mara moja tu, bila kuinua mkono, na mstari ukatoka laini kama ukingo wa sahani. Mimi niliyekuwa nasifiwa darasani kwa bikari nikasahau kilichonileta. Watu hudhani nilipenda macho yako. Nilipenda mstari ule.

Kwa hivyo kigezo cha kukatia mbao usikihofie. Ulivyonifundisha ndivyo nitakavyokata. Wewe maliza tu, uje kabla ya Ramadhani. Futari yetu ya kwanza nimekwisha kuipangia hata bakuli.

Wako wa sasa na wa siku zote,
Mwanarusi

*

Jego,
17 Januari 2025

Mke wangu Mwanarusi,

Waaleikum salaam. Barua nimeipata. Charo aliinusa kabla ya kunipa, akaniuliza kama umeifukiza udi. Nikamwambia aende akamuulize mkewe kwa nini yeye haandikiwi.

Mimi si hodari wa maneno, utanivumilia. Msikiti ni mdogo, wa mawe ya matumbawe na chokaa. Fremu ya zamani imeliwa na mchwa, nimeitoa kwa mikono kama mkate. Imamu ni Maalim Chande, mtu mpole lakini ana neno moja tu. Ameniambia, "Fundi, mbao fanya utakavyo. Jiwe usiligonge. Ukiligonga moja, tao lote litakuja kusalimia vichwa vyetu."

Basi mbao ndizo zitakazolifuata jiwe. Tao hili halichoreki kwa uzi na msumari. Nimeshona karatasi za mifuko ya saruji, nikazipigilia mlangoni, nikapitisha mkaa pembeni mwa jiwe kuanzia chini kulia mpaka chini kushoto. Karatasi imo ndani ya gunia alilonalo Charo. Kata hadibodi pale mkaa ulipopita.

Kigezo kikiwa tayari kirudishe kwanza kwa Charo, nikakijaribu ukutani. Mbambakofi usiguswe kabla ya hapo. Mwambie na Baba Dzombo, ingawa yeye ndiye aliyenifundisha hivyo.

Nilipata homa siku tatu. Hata kikombe cha uji nilikishika kwa mikono miwili. Sasa sijambo, usimwambie mama.

Maalim ana mke ambaye hupika mchuzi wa papa. Ni mzuri. Wako ni mzuri zaidi.

Mumeo,
Luqman

*

Msambweni,
22 Januari 2025

Roho yangu Luqman,

Homa siku tatu, na mimi huku nacheka na Fauzia, nasuka ukili, nachagua bakuli. Nimelia, kisha nikakasirika na mbu wote wa Jego. Kunywa maji ya madafu, usilale bila chandarua, na mkeo Maalim umpe salamu zangu. Nimeandika vibaya: mke wa Maalim. Unaona unavyonichanganya.

Karatasi yako niliitandika sakafuni, palepale ulipokuwa umepiga magoti siku ile. Nilikaa nayo asubuhi nzima. Niliuona mkaa wako, nikaona ulivyoumwa, nikauhurumia mkono wako kama mtoto. Na sasa nina habari njema: kigezo kimekwisha, na mstari wako, mpenzi, umetoka mikononi mwangu kama ule wa siku ya kwanza. Laini, hauna pa kushikia. Baba Dzombo amekipapasa kwa vidole kutoka mwanzo hadi mwisho, akasema, "Huyu kijana hata akiwa mbali mkono wake uko hapa." Nilitamani ungekuwepo kusikia.

Lori la Charo limekatika springi, halitoki wiki hii. Kungoja lirudi na kigezo, kisha lije tena, tungeingia Ramadhani ukiwa huko. Kwa hivyo wameanza kukata. Usinikunjie uso. Mbambakofi unakatika vizuri, unanukia karakana nzima, na mimi nimeokota kipande kidogo nikakitia kabatini katikati ya nguo zako.

Siku thelathini na nane tu.

Wako anayekuhesabia siku,
Mwanarusi

*

Jego,
28 Januari 2025

Mke wangu,

Nimesoma mara mbili pale ulipoandika wameanza kukata. Kisha nikasema, Baba Dzombo ameruhusu, na kigezo umekata wewe. Hakuna mtu ninayemwamini kwa msumeno mwembamba kama wewe, hata Kenga.

Nimesafisha ukuta, nimechanganya chokaa, nangoja. Maalim ametangaza Ijumaa kwamba mlango unakuja. Watoto wa madrasa wananiita Fundi Mlango.

Yale maneno ya Baba Dzombo, ya mkono wangu, uniandikie tena barua ijayo. Nimeyapenda.

Luqman

*

Jego,
6 Februari 2025

Mwanarusi,

Mlango haukukaa.

Fremu ilishushwa jana saa tatu. Watu walikuja kuibeba, na kwa kweli ni fremu nzuri, sijapata kuona viungo vimeshikana vile. Tukaisimamisha. Upande wa kulia ikaingia kama mkono ndani ya mkono wa kanzu. Upande wa kushoto ikagonga. Begani pale tao lina nundu, jiwe limetokeza kiasi cha yai, na chini yake ukuta umerudi ndani. Ukuta ulititia zamani upande ule, nadhani kabla Maalim hajazaliwa. Fremu haina habari na nundu hiyo. Imepita laini.

Nikajaribu kuipunguza. Nilichonga kushoto kidogo kidogo mpaka nikaufikia ulimi wa kiungo. Ukafunguka, na ubao ukapasuka urefu wa mkono wangu. Mbambakofi ukipasuka una sauti yake. Watu waliokuwa wamekaa barazani walisimama.

Maalim hakusema kitu kibaya. Alisema, "Basi, fundi, pumzika." Ingekuwa heri angenitukana.

Sielewi. Nakumbuka nikipitisha mkaa, lakini siku ile kichwa kilikuwa kinawaka moto. Labda nundu niliiona kwa macho na mkono ukaipita. Labda nilidhani nimechora nikawa sikuchora. Miaka tisa nimejifunza kuchukua mstari, na siku niliyoachiwa peke yangu nimeuchukua vibaya. Ubao wa miaka ishirini na mbili, Mwanarusi. Nimemwandikia Baba Dzombo kwamba kosa ni langu peke yangu, wewe umekata nilichokutumia.

Usilie. Najua utalia.

Luqman

*

Msambweni,
10 Februari 2025

Mume wangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Barua yako imefika na ya Baba Dzombo pia. Fauzia ndiye aliyemsomea.

Usijitese. Ulikuwa mgonjwa, na mgonjwa hana hatia. Kila mtu hukosea. Mimi nakupenda vilevile, kama kuna kuzidi basi nimezidi. Njoo nyumbani upumzike, nitakupikia, tutakaa tu, hatutazungumzia milango.

Hapa kuna joto sana. Sina habari nyingine.

Wako,
Mwanarusi

*

Diani,
9 Machi 2025

Mke wangu,

Assalaam aleikum, na Ramadhani karimu tena. Simu ninayo na mtandao wa huku ni mzuri, lakini nikipiga unasema "sijambo, wewe je" kisha unanyamaza, kwa hivyo nimerudi kwenye barua. Unapenda barua.

Naomba radhi kwa zile siku mbili nilizokaa nyumbani. Ulinitengea chakula nikakiangalia. Ulitaka kusema jambo mara mbili, nikatoka nje. Nilidhani utanifariji, na sikutaka kufarijiwa. Nilipompelekea Baba Dzombo randa na patasi zake alinishika mkono, akauweka kifuani pake, lakini ufunguo ulikuwa tayari kwa Kenga. Amefanya sawa. Kenga si mtu mbaya, na hapitwi na nundu.

Hoteli ni kubwa. Kazi yangu ni kupanga viti vya ufukweni asubuhi na kuviondoa jioni. Vijana wa hapa huongea Sheng mimi naitikia tu. Mmoja wao ni mcheshi, ananiita Mzee wa Swaumu.

Juzi msimamizi alisikia kwamba nilikuwa seremala. Akanipeleka kwenye baa yao, kuna kaunta ya kona ya mviringo, ubao umebanduka, akaniomba niichukulie kipimo. Nilishika penseli. Kisha nikamwambia sijui kupima, nilikuwa nabeba mbao tu. Aliniamini mara moja.

Kwa hivyo ndivyo nilivyo. Nakuandikia ili ujue umeolewa na nani sasa. Usimhesabie tena yule wa uzi na msumari.

Luqman

*

Msambweni,
15 Machi 2025

Luqman,

Assalaam aleikum. Barua hii nimeianza mara nyingi, na mara zote nimeanza kwa kukuita majina mazuri. Leo sianzi hivyo, maana majina mazuri ndiyo niliyojifichia.

Mstari wako ulikuwa sahihi. Nundu uliichora.

Nilipoitandika karatasi, niliona mkaa ukipanda kulia vizuri, ukavuka kileleni, ukafika bega la kushoto, ukavimba kiasi cha yai, kisha ukazama. Nikajisemea, hapa ndipo homa ilipomshika. Ulikuwa umenieleza kikombe cha uji na mikono miwili. Sikufikiri kabisa kwamba ukuta unaweza kuwa hivyo. Nilifikiri wewe. Nikaona wataipeleka karatasi mbele ya Baba Dzombo na Kenga, na Kenga atacheka, na ufunguo utapotea kwa sababu ya homa. Nikatwaa msumari na uzi, nikatafuta kitovu cha tao kwa hesabu za shule, nikachora upya juu ya hadibodi. Ulitoka mstari mzuri, Luqman. Ule nilioupenda. Nilikuwa nakusaidia, na moyo wangu ulikuwa umejaa furaha, na hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote, kwamba nilikuwa na furaha.

Baba Dzombo aliniuliza, "Kimerudi ukutani?" Nikamjibu, "Luqman amesema mstari ni sahihi." Hukusema hivyo. Ulisema kirudishwe kwanza. Nilitaka uje kabla ya Ramadhani. Kwa ajili ya bakuli.

Barua yako ya Februari niliisoma nimesimama karakanani. Nilipofika kwenye neno nundu nililijua jambo lote. Ungeniuliza wakati ule ningesema, lakini hukuniuliza, ulikuwa umekwisha kujihukumu. Nikaandika "kila mtu hukosea," nikaitia gundi. Siku mbili ulizokuwa hapa nilitaka kusema, ukatoka nje, na nikashukuru kwamba umetoka. Niliogopa kwamba ukijua hutanipenda. Nikakuacha wewe usijipende, nikaona hilo ni afadhali. Mpaka uliponiandikia kaunta ya hoteli.

Jana nimemwambia Baba Dzombo. Akanyoosha mkono nimpe karatasi. Akaifuata kwa kidole, polepole, kidole kikawa cheusi. Alipofika bega la kushoto akasimama. Akasema, "Mkono wa kijana haukutetemeka." Nikamuuliza habari ya ufunguo. Akasema, "Kenga ameleta mashine zake, ameajiri watu. Nimnyang'anye kwa kosa gani alilofanya? Ungekuja wiki ile ile, mwanangu." Hakunikaripia. Aliomba maji ya kunawa kidole, kisha akakumbuka amefunga, akacheka kidogo, na mimi sikuweza kucheka.

Karatasi ni hii, imo ndani ya gunia lile lile. Ipeleke Jego. Iweke juu ya tao, utaona inakaa. Uamue lolote, lakini urudishe mkono wako. Ni wako, haukukosea.

Mwanarusi binti Luqman. Ona, hata jina nimelikosea. Mkeo, kama ungali wataka.

*

Diani,
4 Aprili 2025

Mwanarusi,

Sikuja Idi. Najua ulipika.

Siku nyingi karatasi ilikaa chini ya kitanda, sikuifungua. Idi pili nikapata ruhusa, nikaenda Jego.

Tao halipo. Wamelibomoa wiki moja kabla ya Ramadhani. Waumini walichoka kuingiliwa na popo na mbuzi, mfadhili mmoja akajitolea mlango wa chuma, na mlango wa chuma ni wa pembe nne. Wakaangusha tao lote, wakapandisha matofali. Maalim Chande aliniambia kwa upole, "Tulikungoja, fundi." Yeye aliyesema jiwe lisigongwe. Mawe yenyewe wameyatia kwenye msingi wa choo kipya.

Niliitandaza karatasi mbele ya ule mlango. Ilining'inia kama nguo iliyoanikwa. Nimesimama na mstari wangu mkononi, na hakuna mahali duniani pa kuuweka. Mtoto mmoja wa madrasa aliniuliza nauza nini.

Kwa hivyo sitajua. Nikiangalia mkaa naona nundu, ndiyo. Lakini mkono wa homa nao huchora nundu. Labda hii ni ile ya ukuta, labda ni ya kwangu, na zimekutana mahali pamoja. Ukuta ndio uliojua. Sasa nina neno lako tu, na neno lako ndilo uliloniandikia Februari, kwamba mgonjwa hana hatia.

Nilikasirika njia nzima ya kurudi. Kisha nikakasirika kwamba hasira yenyewe haina pa kugonga, inapita laini.

Sikuandikii kukuacha. Sikuandikii pia kwamba yamekwisha. Karatasi nimempa Charo akuletee. Nakuomba jambo moja. Kata kigezo upya. Fuata mkaa, popote unapokwenda, hata ukikuudhi. Usipige msasa. Kisha kirudishe kwanza, kama nilivyokuomba mara ya kwanza.

Luqman

*

Msambweni,
9 Aprili 2025

Luqman,

Assalaam aleikum. Kinakuja na Charo pamoja na barua hii.

Nilimwomba Kenga benchi yako kwa saa moja. Alinipa, akaondoa vitu vyake mwenyewe. Upande wa kulia ulikatika vizuri. Nilipofika bega la kushoto msumeno wenyewe ulitaka kunyooka, nikasimama mara tatu, nikautoa, nikaurudisha kwenye mkaa. Nundu nimeifuata ikipanda na nimeifuata ikizama. Ukingo una manyoya ya hadibodi, sikupiga msasa. Kigezo kina sura mbaya. Nilikitazama sana, na sikupata mahali ambapo mkono ulitetemeka: mkaa umepita nundu kwa pumzi moja, haukuinuliwa. Lakini hayo pia ni maneno yangu.

Baba Dzombo amekipapasa. Amelirudia bega lile mara mbili.

Kenga alipokuwa anakifunga kwa kamba aliniuliza ni cha mlango gani. Nikamwambia wa Jego.

Akasema, "Shemeji, Jego hakuna mlango kama huu."

Nikamwambia najua, akaze kamba vizuri, kinakwenda mbali.

Mkeo,
Mwanarusi